Maswali yenu: siku ya kujenga kiwanja cha watoto

Sikukuu zikifika hapa Zanzibar, watoto wa mjini hupelekwa kwenye pembea za Kariakoo na wa Chake Chake huelekea Tibirinzi. Wa vijijini hubaki na kamba ya mwembeni. Ndiyo maana shehia kadhaa, yaani maeneo yanayoongozwa na sheha, sasa zinataka kujijengea kiwanja cha kuchezea kwa nguvu zao: watu wajitolee siku moja, na jioni pembea iwe imesimama. Maswali yamekuja mengi. Haya nimeyachagua, na mengine nimeyafupisha.

Tuliita watu Jumamosi, wakaja wanaume tu. Kina mama walikuwa pwani kwenye mwani. Tuchague siku gani? (Katibu wa kamati, Jambiani)

Kabla ya kufungua kalenda, tazameni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali, na hizo ndizo siku za mkulima wa mwani kulifikia shamba lake. Hawezi kuliacha aje kuchota mchanga. Pangeni siku ya maji mafu, mwezi ukiwa na siku saba au nane, au ishirini na mbili hivi, na kina mama mtawapata.

Walioko Pemba waangalie karafuu. Msimu ukipamba moto, kila mwenye mikono yuko juu ya mti au amekaa anachambua, na kuitisha kazi ya kujitolea wakati huo ni kujitafutia lawama. Ramadhani iacheni. Masika, Machi hadi Mei, mashimo hujaa maji kabla hamjamwaga zege. Kwa Unguja mimi ningechagua kipupwe, Juni hadi Agosti, jua likiwa halijawa kali.

Sheha anasema tutangaze misikitini waje wote, wengi ndio nguvu. Mimi naona itakuwa vurugu. Nani yuko sawa? (Mjumbe, Bububu)

Mpe sheha heshima yake, lakini hapa nakuunga mkono wewe. Kazi ya watu wote huwa haina mwenyewe. Mtu akifika saa mbili asubuhi, akakaa mpaka saa nne hajakabidhiwa hata karai, saa tano humuoni tena. Na mara ya pili ukimpigia simu hapokei. Si mvivu huyo. Mmempotezea siku yake.

Anzeni na kazi, si na watu. Kaeni na fundi, mwandike kila kilichopo kufanywa: kuchanganya zege, kushikilia nguzo zisimame wima, kupiga msasa, kupaka rangi, kuchota maji, kusomba mchanga, kupika, kuokota misumari iliyoanguka. Kila kazi muiwekee idadi ya watu na chombo anachokuja nacho mtu: huyu pauro (sepetu), huyu ndoo mbili, huyu toroli. Fundi mmoja akiwa na watu watano au sita anaweza kuwaongoza. Akiwa na ishirini anageuka mlinzi. Hapo ndipo mpite nyumba kwa nyumba: "Bwana, wewe tunakutaka kwenye nguzo, saa mbili hadi adhuhuri." Mtu aliyepewa ngwe yake anakuja. Tangazo la msikitini litolewe pia, ila liwe la kuwajuza wanakijiji, si ndiyo mipango yenyewe.

Zamu ziwe mbili, ya asubuhi na ya baada ya alasiri. Anayekuja kwa zamu moja ana thamani kuliko anayeahidi siku nzima.

Vijana wetu kila tukiwaita wanauliza, "Posho ipo?" Tufanyeje? (Mwalimu wa skuli, Wete)

Mwalimu, swali hili limeletwa na watu wengi, na wengi wanaliuliza kwa hasira. Mimi sina hasira na vijana. Tumewazoesha wenyewe. Miradi mingapi imepita kwetu ikimpa mtu bahasha ya nauli kwa kukaa kitini na kusikiliza semina? Leo anaambiwa abebe zege bure kwenye jua, lazima aulize. Halafu dereva wa bodaboda asipofanya kazi siku moja, jioni hana cha kupeleka nyumbani, na pengine chombo chenyewe si chake, tajiri anasubiri hesabu.

Kwa hiyo jibuni waziwazi kwenye kikao cha kwanza, kabla ya mtu kuuliza: nani analipwa, kwa nini, na nani halipwi. Fundi wa kuchomelea anakuja na mashine yake na ujuzi wake, na pembea ikikatika jina lake ndilo litakalotajwa. Huyo alipwe. Akipenda kupunguza nusu, hiyo ndiyo sadaka yake, na mseme mbele za watu kuwa amepunguza. Wengine wote wapate chai na maandazi saa nne, na chakula mchana. Anayetoka mbali arudishiwe nauli, kila mtu akijua.

Kinachoua kazi ya kujitolea ni malipo ya siri. Mpe kijana mmoja elfu kumi nyuma ya ukuta kwa sababu ana nguvu kuliko wenzake, na kabla ya adhuhuri wanaosomba mchanga wote wamejua. Mapauro yanawekwa chini moja moja, hakuna anayegombana, wala hakuna anayesema kitu. Kila mmoja amekumbuka ana dharura nyumbani.

Dereva wa bodaboda msimuombe siku nzima. Muombeni safari mbili za kuleta saruji alfajiri, kisha aende zake. Na ubao wa skuli utumike: mwekahazina aandike nani kaleta mfuko wa saruji, nani kilo ya misumari, nani mafuta ya kupikia, na kila shilingi iliyotoka ilikwenda wapi. Hela ikionekana, swali la posho hupungua lenyewe.

Ardhi yetu ni mawe matupu. Siku moja itatosha? (Makunduchi)

Haitoshi, na msiwadanganye watu. Kwenye jiwe kama la kwenu shimo la nguzo huchimbwa kwa mtaimbo na tindo, si kwa jembe. Wiki moja kabla, watu wanne au watano wenye mikono mizoefu wachimbe mashimo yote, kisha yafunikwe kwa mbao na mawe asije akatumbukia mtoto au mbuzi. Siku ya wengi iwe ya kusimamisha, kumwaga zege na kupaka rangi, kazi ambazo mtu anaondoka ameona alichokifanya.

Tumepewa matairi makuukuu na boriti za mvinje. Mzee mmoja anasema boriti tuzipake oili chafu zisiliwe na mchwa, na mchanga tuchote pwani. Ni sawa? (Kijana wa Nungwi)

Mzee mjibuni kwa adabu, lakini jibu ni hapana, mara mbili. Oili chafu ya gari ina sumu, na mtoto ataishika kwa mkono uleule atakaolia embe. Mvinje ukiufukia ardhini bila dawa hauchukui muda mchwa wanautafuna. Nguzo za pembea ziwe mabomba ya chuma, na mvinje uwe wa mabenchi na vibanda, usiguse udongo. Boriti za mikandaa msikate kabla ya kupita idara ya misitu.

Mchanga wa pwani una chumvi inayokula nondo ndani ya zege, na tena ufukwe wenyewe mnaumaliza. Mchanga una maeneo yake na vibali vyake. Anzieni kwa sheha.

Matairi ni mazuri, ila toboeni matundu chini ya kila tairi ili maji yatoke. Tairi lililokaa na maji ya mvua ni kitalu cha mbu anayeeneza dengue. Na msikate tairi lenye nyuzi za chuma ndani. Zile nyuzi zikichomoza hukata ngozi kama wembe.

Sasa vipimo, maana kamati nyingi huvisahau. Chini ya kila kifaa cha kupandia tia mchanga laini wa kina cha sentimita 30, na pembeni pande zote uache sentimita 180 bila kitu kigumu. Pembea inataka nafasi zaidi: mbele na nyuma, mara mbili ya urefu kutoka mchanga hadi kwenye chuma inaponing'inia. Upenyo baina ya ngazi au fito usiwe kati ya sentimita 9 na 23, maana hapo kiwiliwili cha mtoto hupita na kichwa hukwama. Kisha pitisheni mkono kwenye kila bolti. Ncha iliyochomoza hunasa nguo, na watoto wetu wa kike hucheza na mitandio. Mtandio ukinasa juu ya utelezi na mtoto ameshaanza kushuka, utamkaba shingo. Bolti zikatwe fupi na zifunikwe, na mtandio uvuliwe au uchomekwe ndani kabla ya kupanda.

Shikamoo ami. Sisi wanafunzi wa darasa la sita tunaruhusiwa kusaidia? (Mtambile)

Marahaba. Mnaruhusiwa, tena nyinyi ndio wenye kiwanja. Anzeni kabla ya siku yenyewe: chorani mnachotaka kuchezea, fundi akione. Siku ikifika mpake rangi, mlete maji, muokote kokoto kwenye mchanga. Msiguse zege bichi, saruji huunguza ngozi, na msikodolee macho moto wa kuchomelea. Njooni na viatu, si ndara.

Kina mama wa kwetu wamepangiwa kupika tu. Mimi nimejenga nyumba yangu kwa mikono yangu. (Mama wa watoto wanne, Konde)

Basi mwambie katibu akuandike kwenye zege. Kwenye sufuria waandikwe pia wanaume wawili, wa kukuna nazi na kupakua.

Shehia yetu ina vyama viwili vinavyonuniana, na Mwakilishi wetu wa Baraza la Wawakilishi anataka kuja kuzindua. Tunaogopa. (Mjini Magharibi)

Kanuni ni moja na itangazwe mapema: fulana, kofia na bendera za chama zibaki nyumbani, kwa wote bila kubagua. Orodha ya kazi muichanganye kwa makusudi, wa maskani ya chama hiki na wa maskani ya chama kile washike nguzo moja. Nguzo haisimami mtu mmoja akiiachia, na hapo watasemeshana wakitaka wasitake.

Mgeni rasmi aje, karibu. Apewe pauro kwanza, kipaza sauti baadaye, na hotuba iwe baada ya chakula. Nimeona kazi ya asubuhi nzima ikisimama watu wakimsubiri mgeni aliyefika saa saba, zege limeshagandia kwenye karai.

Kiwanja tumepata kando ya skuli, lakini kina minazi mitatu ya mtu. (Chwaka)

Ardhi ni ya Serikali, mnazi una mwenyewe. Mwendeeni na mzee mmoja wa kumuombea, muandikiane mbele ya sheha. Hata akiwaruhusu, pembea isiwe chini ya mnazi. Nazi ikianguka haichagui kichwa.

Tukimaliza jioni, watoto waanze kucheza lini? (Mkoani)

Najua watakuwa wamejipanga foleni kabla rangi haijakauka, na baba zao watasema, "Waacheni kidogo tu." Msikubali. Zege hufikia nguvu zake za hesabu kwa siku 28, na baada ya wiki moja huwa limepata kama theluthi mbili. Nguzo ikitikiswa mapema hulegea, na haikazi tena. Mwagieni maji asubuhi na jioni kwa siku saba za mwanzo, mfunike kwa magunia. Pembea zisubiri wiki nne. Kamba ya kuzungushia haitawazuia watoto, kwa hiyo viti vya pembea visitundikwe kabisa hadi wakati huo. Vikae nyumbani kwa katibu, kwenye chumba chenye kufuli.