Muulize Muuguzi: Nimfungie mwanangu mpaka arosto imtoke?

*Salaam aleikum, dada muuguzi. Kijana wangu ana miaka 24, anavuta unga, hii heroini, tangu alipomaliza shule. Wiki iliyopita alikosa kwa siku mbili. Alitapika, akaharisha, machozi na makamasi yakimtoka, na kwa joto hili la Malindi amejifunika blanketi anatetemeka. Shangazi yake asema ni jini. Kaka yangu ataka tumtie kufuli chumbani wiki nzima mpaka imtoke. Mimi nafikiria methadoni, ile dawa ya kliniki ya kumtoa mtu kwenye unga, ila wifi yangu asema hiyo ni unga wa serikali. Nishike lipi?*
*Mama wa Shella, Malindi*

Waaleikum salaam, dada yangu. Pole sana. Uliyoyaona si jini, ni arosto, yaani mateso ya mwili uliozoea unga unapoukosa, na kila ulichokitaja kina sababu yake mwilini.

Ubongo hujitengenezea wenyewe vitu vya kutuliza maumivu, na una milango maalumu ya kuvipokea. Heroini hupita milango hiyohiyo, kwa nguvu kubwa zaidi. Mtu hapo hupata raha, maumivu yanakoma, mboni za macho zinakuwa ndogo mno, choo kinafunga, pumzi inapungua. Mwili nao hupambana ili usididimie, ndiyo maana kete, kile kipakiti cha unga, iliyomtosha mwezi jana haimtoshi leo. Unga ukikatika ghafla, yale mapambano yanabaki bila mpinzani: mboni zinapanuka, tumbo lililofunga linaachia, vinyweleo vinasimama, miayo haina mwisho, mifupa inauma. Huanza saa kadhaa baada ya kete ya mwisho, hukolea siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki hivi huwa imetulia. Usingizi mbovu na hamu ya unga huendelea kwa miezi.

Sasa hilo kufuli. Dada, nakusihi, mzuie kaka yako. Kwanza, kutapika na kuharisha bila mtu wa kumnywesha maji kunaweza kumuua. Pili, kama pamoja na unga anameza bugizi au valiamu, vidonge vya kutuliza na kulaza, kuzikatisha ghafla kunaweza kumletea degedege. Lakini linalonitisha zaidi ni siku mtakayofungua mlango. Wiki ile itakuwa imemwondolea arosto, na pamoja nayo itakuwa imemwondolea ule uwezo wa mwili kuhimili unga. Hamu bado anayo. Atakutana na wenzake, atachukua kiasi kilekile alichozoea, na mwili hautakiweza tena. Tunawapokea vijana hawa hospitalini: huyu katoka rumande jana, huyu alikuwa kafungiwa nyumbani, huyu karudi kutoka bara alikopelekwa kwa mjomba. Mama amesimama kando ya kitanda, leso imemdondoka begani, anarudia neno moja tu: "Lakini alikuwa ameshaacha."

Kwa hiyo jifunze dalili hizi, na uwafunze wote wa nyumbani. Haamki hata ukimwita na kumtikisa, anakoroma kwa kukwama, pumzi zinakuja moja moja, midomo na kucha zinageuka rangi. Usimwagie maji, usimnyweshe maziwa, yataingia mapafuni. Kama anapumua, mlaze kwa ubavu. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua umpulizie mdomoni, huku mwingine akitafuta gari. Mkifika, semeni wazi kwamba ametumia unga. Iko dawa, naloksoni, inayoing'oa heroini kwenye ile milango kwa dakika chache. Akizinduka msimrudishe nyumbani hapohapo: naloksoni inaweza kuisha nguvu heroini ikiwa bado mwilini, akazama tena.

Kuhusu methadoni, sitakuficha: ni ya jamii moja na heroini. Ila neno la wifi yako linaniuma, kwa sababu linawazuia vijana kwenda kliniki. Unga humpandisha mtu haraka na kumwangusha haraka, kutwa anahangaika kutafuta kete nyingine, kwa kuiba au kwa kudungana sindano moja na mwenzake. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, huingia taratibu na hushikilia zaidi ya siku nzima. Dozi huanza ndogo, ikapandishwa polepole. Ikikaa sawa, kijana hana arosto wala halewi. Anaweza kwenda kuvua au kurudi kwenye kibarua chake. Na anayeacha sindano anajiepusha na Ukimwi na homa ya ini.

Tanzania walianza kuitoa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, Kenya ikaanza hospitali ya Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, na Malindi tukafuata 2015. Nenda naye ukiweza, na uwaambie kila anachotumia, hasa vidonge na pombe; hivyo vikichanganyika na methadoni vinaweza kuzima pumzi. Mpaka mfike, mpe uji mwepesi na maji ya chumvichumvi ya pakiti kidogokidogo, na mtu akae naye.

*Mimi ni nahodha wa boti, Langoni, Lamu. Nikila muguka jioni, usingizi haupo mpaka alfajiri na moyo unapiga mbio. Rafiki hunipa kidonge nilale. Kuna ubaya?*

Upo, kaka, na mkubwa zaidi uko kwenye kidonge. Muguka na miraa ni mmea mmoja. Nguvu yake ni kathinoni, ambayo hupungua jani linaponyauka. Ndiyo sababu mzigo hukimbizwa mpaka gati la Mokowe na kuvushwa kwa boti hadi Lamu ukiwa mbichi. Kathinoni huamsha ubongo, hupandisha presha na mapigo ya moyo, huua njaa na kufunga choo. Handasi, ule mchangamko wake, ikiisha, unabaki na uchovu na hasira. Ukimeza kidonge cha kulevya juu yake, asubuhi unashika usukani akili haijarudi, na abiria wako hawajui. Acha kidonge hicho. Kama umekimeza kila siku kwa muda mrefu, mwone daktari akupunguzie taratibu. Muguka anza kwa kutokula baada ya adhuhuri. Kifua kikibana au maumivu yakishuka mkononi, nenda hospitali ya King Fahd usiku huohuo.