Kuendesha Mtiririko wa Data kwa Mkono: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtiririko wa kazi za data ambao kwa kawaida hujiendesha kwa ratiba ushughulikiwe vipi siku inapobidi mtu auanzishe kwa mkono. Wengi walioandika wanatumia Apache Airflow, programu huria iliyoanzia katika kampuni ya Airbnb mwaka 2014 na ambayo sasa iko chini ya Apache Software Foundation, kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu inaihusu hiyo. Tunaposema “mkupuo” tunakusudia mtiririko mzima kuendeshwa mara moja, na “kazi” ni hatua moja ndani ya mkupuo huo.

SWALI: Nafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo jijini Dar es Salaam. Kila usiku mtiririko wetu wa Airflow, toleo la 2, huchukua marejesho ya mikopo ya siku iliyotangulia, huyapakia kwenye ghala la data, huyalinganisha na faili la benki, kisha hutoa ripoti ya meneja. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Machi 2025 kazi ya kulinganisha ilikwama kwa sababu faili la benki lilichelewa. Asubuhi, faili lilipofika, nilibonyeza kitufe cha kuanzisha mkupuo mpya. Ulimalizika salama, lakini marejesho ya tarehe 11 yakaonekana mara mbili kwenye ripoti. Je, programu ina hitilafu? Nifanye nini nikikutana tena na hali hii?

JIBU: Ndugu msomaji, programu haina hitilafu, ilifanya kile ulichoiagiza, ingawa sicho ulichokikusudia. Mtiririko wa kila siku unaoendeshwa kwa ratiba ya cron (kanuni fupi inayotaja saa na siku za kuanza) katika toleo la 2 hupewa kipindi cha data chenye mwanzo na mwisho. Ukiuanzisha kwa mkono, Airflow hutafuta kipindi cha mwisho kilichokwisha kamilika kabla ya saa uliyobonyeza. Kwa kuwa ulibonyeza asubuhi ya tarehe 12, kipindi hicho kilikuwa siku ya tarehe 11, ambayo ndiyo ile ile iliyokuwa ikishughulikiwa na mkupuo wa usiku uliokwama. Kazi ya kupakia ilikuwa imekwisha fanikiwa usiku, kwa hiyo mkupuo wako mpya uliirudia tangu mwanzo na kuongeza mistari ile ile juu ya ile iliyokuwapo.

Ulichohitaji hakikuwa mkupuo mpya. Ulihitaji kuurudia mkupuo ule ule kuanzia pale ulipokwama. Fungua mchoro wa mikupuo, tafuta kisanduku chekundu cha kazi ya kulinganisha chini ya mkupuo wa usiku ule, kisha tumia kitufe chenye neno “Clear”, ukihakikisha kuwa kazi zinazofuata baada yake zimejumuishwa na zile zilizotangulia hazikujumuishwa. Hatua hiyo haifuti data yoyote katika ghala. Inaondoa hali ya “imeshindwa” ili sehemu ya Airflow inayosimamia ratiba iichukue kazi hiyo upya. Kazi ya kupakia itabaki kijani kama ilivyokuwa, na kumbukumbu za jaribio la kwanza zitaendelea kusomeka kando ya jaribio la pili, jambo ambalo mkaguzi wa hesabu atalishukuru. Zingatia tu kwamba, katika toleo la 2, kazi iliyorudiwa hivyo huendeshwa kwa msimbo uliopo sasa. Ikiwa kuna mtu amebadilisha msimbo huo tangu usiku ule, matokeo yatafuata mabadiliko hayo.

Kabla ya kubonyeza, hakikisha kwamba mkupuo ulioushika ndio wenyewe, maana majina yake huwapotosha wengi. Airflow huupa mkupuo jina kwa kufuata mwanzo wa kipindi cha data, wala si saa ulipoanza kukimbia, na ikiwa ratiba haikutajiwa saa za eneo lenu hutumia UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mkupuo uliopangiwa usiku wa manane wa UTC huanza kwenu saa tisa usiku, na ule wa usiku wa kuamkia tarehe 12 huitwa “scheduled__2025-03-11T00:00:00+00:00”. Hapo pana tatizo jingine ambalo barua yako haikulitaja, nalo ni kwamba “siku” ya mtiririko huo huanzia saa tisa usiku na kuishia saa tisa usiku, kwa hiyo malipo ya simu yaliyofanyika saa saba usiku yanahesabiwa katika siku ya jana yake. Kwa chama cha mikopo hilo si jambo dogo, hasa mwisho wa mwezi. Mwandishi wa mtiririko anaweza kulirekebisha kwa kutaja eneo la saa “Africa/Dar_es_Salaam” katika tarehe ya kuanzia. Akifanya hivyo, msishangae kuona mkupuo unaoanza usiku wa manane wa kuamkia tarehe 12 ukiitwa “scheduled__2025-03-10T21:00:00+00:00”, kwa sababu saa sita usiku ya tarehe 11 kwetu ni saa 21:00 ya tarehe 10 kwa UTC.

Tahadhari kama hiyo inahitajika unapotaka kushughulikia siku ya nyuma zaidi. Kwenye ukurasa wa kuanzisha mkupuo, toleo la 2 hukuruhusu kuchagua tarehe, lakini kanuni ya “kipindi cha mwisho kilichokamilika” inabaki pale pale: ukichagua tarehe 9 Machi saa nne asubuhi, utapata data ya tarehe 8. Toleo la 3, lililotoka Aprili 2025, limebadilisha mazoea haya. Huko ratiba ya kawaida ya cron haitengenezi tena kipindi cha namna hii mpaka msimamizi aagize hivyo katika mipangilio, na mkupuo wa mkono unaweza hata kukosa tarehe yake ya kimantiki, yaani ile inayoutambulisha mkupuo. Chama chenu kikihamia toleo hilo, kila kazi inayosoma mwanzo na mwisho wa kipindi ipitiwe upya kabla ya kuhama.

Yote hayo yanahusu kitufe. Tiba yenyewe iko ndani ya kazi ya kupakia, na hili ndilo ningependa ulifikishe kwa mwandishi wa mtiririko wenu. Kazi inayoongeza mistari bila kuangalia kilichopo itawaletea madhara hata kama hakuna mtu aliyebonyeza chochote, kwa kuwa Airflow yenyewe huweza kupangiwa kurudia kazi iliyoshindwa katikati. Ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, kazi hiyo ianze kwa kufuta mistari yote ya kipindi kinachohusika, kisha iingize upya ile iliyosomwa. Ikiendeshwa mara moja au mara tano, jumla ya marejesho ya tarehe 11 itakuwa ile ile. Na kipindi hicho isikisome kutoka saa ya kompyuta. Ikipokee kutoka kwenye mkupuo. Kazi inayojiuliza “leo ni tarehe ngapi?” haiwezi kurudiwa kesho kwa usalama.

SWALI: Katika ofisi yetu Nairobi watu sita wana ruhusa ya kuanzisha mtiririko unaokokotoa upya bei za wateja. Imewahi kutokea watu wawili wakauanzisha kwa tofauti ya dakika chache, kila mmoja akiwa na vigezo vyake. Tunawezaje kulizuia jambo hili bila kuwanyang’anya watu ruhusa?

JIBU: Airflow isipoambiwa vingine huruhusu mikupuo 16 ya mtiririko mmoja iende kwa wakati mmoja. Mwambieni mwandishi wa mtiririko aweke “max_active_runs” kuwa 1. Hata hivyo, mwelewe kinachofanyika hapo: mkupuo wa pili haukataliwi, huwekwa kwenye foleni na kuanza mara wa kwanza unapoisha. Mgongano wa wakati mmoja utakuwa umekwisha, lakini bei zitakokotolewa mara mbili, na za mwisho ndizo zitakazobaki. Aliyekuwa wa kwanza ataondoka akiamini kuwa vigezo vyake ndivyo vinavyotumika.

Ili mkupuo wa pili ukataliwe kabisa, tumieni jina la mkupuo. Usipolitaja, Airflow huutungia mkupuo jina linaloanza na “manual__” na kufuatiwa na wakati, kwa hiyo kila mbonyezo hupata jina jipya. Mkikubaliana kuwa kila mkupuo wa mkono upewe jina linalotokana na kazi yenyewe, kwa mfano “bei_2025-06-01”, atakayejaribu tena kwa jina hilo atakataliwa, kwa kuwa mtiririko mmoja hauwezi kuwa na mikupuo miwili yenye jina moja. Anayeanzisha kupitia API, yaani njia ya programu nyingine kuiagiza Airflow, atajibiwa kwa namba 409, inayoashiria mgongano. Mimi naiona njia hii kuwa bora kuliko makubaliano ya mdomo au ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu haitegemei mtu kukumbuka.

Kuhusu vigezo, visiachwe kuwa kisanduku kitupu ambamo kila mtu huandika apendavyo. Mtiririko unaweza kutangaza kila kigezo pamoja na aina yake, kiwango cha chini na cha juu, au orodha ya majibu yanayoruhusiwa. Airflow hutengeneza fomu kutokana na tangazo hilo na kuukataa mkupuo wenye vigezo visivyokubalika hata kabla kazi ya kwanza haijaanza. Nenosiri au ufunguo wa siri usiwekwe humo kamwe, kwa sababu vigezo vya mkupuo huhifadhiwa na kuonekana kwa kila anayeruhusiwa kuutazama.

Tena, si lazima wote sita wawe na ruhusa ile ile. Ruhusa za kila mtiririko zinaweza kupangwa peke yake, hivyo mtu akaona matokeo bila kuweza kuanzisha chochote. Pia kumbukumbu za ukaguzi huonyesha ni mtumiaji gani aliyeanzisha mkupuo na saa ngapi, mradi kila mmoja aingie kwa akaunti yake. Ikiwa nyote mnatumia akaunti moja ya pamoja, anzeni kwa kuiacha. Vilevile, tangu toleo la 2.5 mkupuo unaweza kuandikiwa maelezo mafupi. Mkiwa na desturi ya kuandika hapo sababu ya kuanzisha na aliyeomba, atakayekuja zamu ya jioni hatalazimika kumpigia mtu simu.

Jambo la mwisho kwenu: mkiamua kuusimamisha mkupuo ulioanzishwa kimakosa kwa kuutia alama ya kushindwa, Airflow itazikatiza kazi zake, lakini hoja (query) iliyokwisha kutumwa kwenye hifadhidata au kwenye mfumo mwingine inaweza kuendelea huko ilikotumwa. Angalieni huko pia kabla ya kuanzisha mwingine.

SWALI: Nimeanzisha mkupuo kwa amri ya terminali tangu asubuhi, na hadi sasa uko kwenye foleni bila dalili ya kuanza. Seva iko hai na mitiririko mingine inakwenda. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Tazama kwanza kama mtiririko huo umesitishwa. Mkupuo wa mtiririko uliositishwa hupokelewa na kuandikishwa, lakini husubiri mpaka usitishaji uondolewe. Usikimbilie kuuondoa, hata hivyo, kabla ya kuangalia mpangilio unaoitwa “catchup”. Katika toleo la 2 mpangilio huo huwa umewashwa usipotajwa, na mtiririko uliositishwa miezi miwili utataka kuendesha mkupuo wa kila siku iliyopita mara tu utakapoachiliwa. Hata ukiwa umezimwa, tarajia mkupuo mmoja wa ratiba wa kipindi cha karibuni kuanza kando ya ule wako.

SWALI: Mimi ni mtakwimu wa afya katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa. Vituo vikishaingiza takwimu katika DHIS2, mfumo wetu wa takwimu za afya, chati hazibadiliki mpaka majedwali ya uchambuzi yatengenezwe usiku. Karibu na siku ya kuwasilisha ripoti, wakubwa hunitaka nimwombe msimamizi ayatengeneze kwa mkono kila baada ya muda mfupi. Je, tunaweza kuharibu data?

JIBU: Data yenu haitaharibika. DHIS2, inayosimamiwa na kituo cha HISP cha Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, hutunza takwimu zilizoingizwa mahali pake na kutengeneza majedwali ya uchambuzi kando, kutokana na takwimu hizo. Majedwali mapya huandaliwa kwanza kwa majina ya muda, kisha, yakiisha kukamilika, huchukua nafasi ya yale ya zamani. Kwa hiyo kurudia hakuongezi hesabu, tofauti na yaliyomkuta msomaji wetu wa Dar es Salaam, na chati huendelea kuonyesha takwimu za awali wakati kazi ikiendelea.

Gharama yake iko kwingine. Kazi hii ni nzito kwa hifadhidata, na ikianzishwa mchana wa siku za mwisho za kuwasilisha, huichelewesha seva ile ile ambayo wahudumu wa vituo wanaitegemea kuingizia takwimu zinazosubiriwa. Mwuguzi anayeona ukurasa umeganda huenda akaacha na kurudi kesho, na chati iliyoharakishwa ikakosa kituo chake.

Kama ni lazima kuanzisha kwa mkono, msimamizi apunguze kazi kwa kuchagua miaka ya karibuni tu na kuruka aina za data ambazo ripoti yenu haizihitaji. Kama mahitaji haya hujirudia kila mwezi, mwombeni aangalie kazi ya uchambuzi endelevu iliyomo katika programu ya ratiba ya DHIS2, ambayo hutengeneza majedwali yote mara moja kwa siku na katikati hushughulikia mabadiliko mapya peke yake. Ombi hilo liandikwe na kupelekwa mapema mwezini, kabla ya wiki ya kuwasilisha, ili lijaribiwe wakati seva ina nafasi.