Upande wako umeshindwa ndani ya chama? Usikimbilie kutoka kwenye grupu

Wiki iliyopita kuna mdogo wangu mmoja wa Mbeya kaniandikia inbox. "Shikamoo dada. Grupu letu la Chadema la kata limekufa. Sisi tulioamini mazungumzo na serikali tunaitwa chawa, yaani wapambe wa watawala, sisi nasi tunawaita wale wakali wahuni. Wengine wameshatoka, waliobaki wamenyamaza. Nataka na mimi nitoke. Unanishauri nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kule inbox nilikujibu kifupi kwa sababu nilikuwa na wateja, ila hili swali limenijia kwa watu wengi sana tangu Januari 2025 chama kilipobadilisha mwenyekiti, na kila mtu anauliza kama vile yeye ndo wa kwanza kutukanwa na wenzake, kwa hiyo leo niliandike hapa mara moja niishe nalo.

Kwanza mnijue nasimama wapi. Mimi ni mtu wa maridhiano, siku zote nimekuwa hivyo na sioni aibu. Nauza vitenge Makoroboi hapa Mwanza, na nimeingia Chadema kipindi cha 2010, mwaka ule ambao Nyamagana na Ilemela zote mbili zilichukuliwa na chama tukadhani nchi tumeshaipata. Tulivaa magwanda juani bila kulipwa hata mia. Kwa hiyo mtoto wa juzi akija kuniambia mimi sina uchungu na chama huwa namwangalia tu.

Sasa niwaeleze huu mpasuko ulikotoka, manake wengi mnadhani ulianza kwenye ule uchaguzi wa mwenyekiti pale Mlimani City. Haukuanzia pale. Julai 2021 Mbowe, mwenyekiti wetu wa wakati huo, alikamatwa hapahapa Mwanza usiku, kesho yake kulikuwa na kongamano la katiba mpya na wengine tulikuwa tumeshapiga pasi nguo zetu. Wakampa kesi ya ugaidi, akakaa ndani mpaka tarehe 4 Machi 2022. Siku hiyohiyo aliyofutiwa kesi akaenda Ikulu kuonana na Rais Samia. Siku hiyohiyo! Hapo ndipo chama kiligawanyika vichwani mwa watu hata kabla hakijagawanyika kwenye kura. Mimi niliona mzee katoka gerezani bila kinyongo, anataka kutuvusha. Mwenzangu wa kata, fundi pikipiki mmoja ambaye nitamtaja sana humu bila jina lake, yeye aliona mzee kashawekwa mfukoni. Tukio moja, picha moja kwenye simu, halafu watu wawili wanaokunywa chai meza moja wanaona vitu viwili tofauti kabisa.

Januari 2023 mikutano ya hadhara ikaruhusiwa tena, na mkutano wa kwanza wa Chadema ukapigwa hapa Mwanza, viwanja vya Furahisha. Nilikuwepo, nililia. Nikamwambia fundi unaona matunda ya kuongea? Akaniambia dada, haki ya mkutano ipo kwenye sheria, mtu akikunyang'anya kilicho chako akakurudishia kipande utamshukuru? Nikakosa jibu la haraka, ila niliendelea kuamini upande wangu na bado naamini.

Halafu mambo yakaanza kuwapa nguvu wakali, watu wa upande wa fundi. Septemba 2024 Ali Kibao, mjumbe wa sekretarieti ya chama, akashushwa kwenye basi Dar es Salaam na watu wenye silaha, akakutwa amekufa. Novemba ikaja serikali za mitaa, wagombea wetu wakaenguliwa huku na huko kwa sababu za ajabu ajabu, CCM wakazoa karibu mitaa na vijiji vyote. Sasa wewe mtu wa mazungumzo utasimama wapi mbele ya vijana useme tuendelee kuzungumza? Nilisimama. Nilizomewa, ila nilisimama.

Na msidhani wao hawana hoja na sisi hatuna hoja, hesabu zipo kila upande. Sisi tunasema angalia 2015, tulifungua mlango tukampokea Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyetoka CCM, tukapata kura zaidi ya milioni 6 za urais na wabunge wengi kuliko wakati wowote. Wao wanasema angalia hiyohiyo 2015, Dk. Slaa, katibu mkuu wetu, aliondoka, na Lowassa mwenyewe 2019 akarudi CCM alikotoka, mmevuna nini? Sisi tunasema bila kushiriki hakuna diwani, hakuna mbunge, hakuna ruzuku, mwanachama wa kijijini ataona faida gani ya kadi. Wao wanasema 2020 tulishiriki tukatoka na mbunge mmoja tu wa jimbo, kule Nkasi Kaskazini, kushiriki gani huko. Nimeshayasikia haya yote mpaka nayaota.

Ikaja Desemba 2024, Lissu, makamu mwenyekiti na kipenzi cha wakali, akatangaza anagombea uenyekiti, Mbowe naye akasema hang'oki, yupo. Hapo ndo nilijifunza rangi za watu. Kijana mmoja ambaye kadi yake ya kwanza nilimlipia mimi kwa hela yangu ya vitenge akaandika kwenye grupu, mbele ya watu wote, kwamba mimi ni chawa wa Mama, yaani wa Rais Samia. Saa tano usiku. Nikasoma, nikazima data, sikulala.

Siku mbili tatu baadaye tukawa na kikao nyuma ya gereji ya fundi, tumekaa kwenye mabenchi na madumu ya oili, tulikuwa wengi kuliko kawaida manake kila upande ulileta watu wake. Yule kijana akasimama akasema humu ndani kuna watu wameshapokea bahasha. Hakutaja jina ila macho yalikuwa kwangu. Basi nikasimama, nikafungua pochi nikaimwaga yote juu ya benchi. Ikatoka chaja, daftari la madeni, vipande vya sampuli za vitenge, elfu nne na mia tano na pipi za mtoto. Nikamwambia haya, itafute hiyo bahasha. Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Fundi, ambaye ni Team Lissu damu na ndo alikuwa anaongoza kikao, akasema kitu ambacho mpaka leo namheshimu nacho: "Kuanzia leo anayesema mwenzake kahongwa ataje katoa nani, wapi, lini. Kama hana, akae chini." Kijana akakaa.

Hiyo ndo ilituokoa, nawaambia ukweli. Kabla ya hapo kila hoja ilikuwa inaishia kwenye nani kanunuliwa. Baada ya hapo watu ikabidi wabishane juu ya mambo yenyewe, tushiriki au tusishiriki, tuongee au tukaze, na kumbe ukibishana juu ya mambo yenyewe watu wanachoka mapema wanaenda kula. Tukaongeza na sharti lingine, hakuna voisi kwenye grupu baada ya saa tatu usiku. Mnacheka lakini nendeni mkaangalie magrupu yenu, matusi yote makubwa ni ya usiku na ni voisi. Mtu akiandika angalau kidole kinamchelewesha.

Usiku wa tarehe 21 kuamkia 22 Januari tulikesha, mkutano wa uchaguzi tunaufuatilia kwenye simu ya fundi imeegeshwa kwenye chupa ya chai, pande zote mbili pamoja hilo lilikuwa sharti letu pia. Asubuhi matokeo: Lissu 513, Mbowe 482, mgombea wa tatu Odero kura 1. Kura 31 tu zimetenganisha chama kizima! Vijana wakaruka. Mimi nilikaa kimya nimeshika kikombe. Baadaye Mbowe akaandika mtandaoni amekubali matokeo na kumpongeza mwenzake, fundi akaniletea simu nisome mwenyewe, hakusema neno. Siwezi kusema haikuniuma. Bado inaniuma. Mtu ametumikia uenyekiti tangu 2004, amelala gerezani, halafu anashangiliwa kutoka. Lakini nikasimama nikampa fundi mkono mbele ya vijana wake, na nikafungua duka saa mbili kama kawaida.

Sasa ushauri. Ndugu zangu mlioshindwa, kazi yenu siku ya kwanza ni kutoa mkono. Siku ya pili ni kutoa mkono. Nyie mnadhani mkinuna watawaona mna thamani, hawawaoni, wanapumua tu. Mtu wa msimamo wa kati ndani ya chama nguvu yake ni kukaa mezani, ukiondoka mezani umebaki na nini? Wale wakali wana jukwaa, wana kelele, wana vijana. Sisi tuna uvumilivu na kujua nani anadaiwa ada. Tukipoteza huo uvumilivu basi hatuna kitu.

Nimeona wenzangu wengi walishindwa hapa. Aprili ikaja ile barua ya G55 kwa katibu mkuu, watia nia wa ubunge 55 wakisema wazi kwamba msimamo wa No Reforms No Election, yaani bila mabadiliko hakuna uchaguzi, utatuacha nje ya uchaguzi bila mgombea hata mmoja. Hoja yao niliielewa moja kwa moja, nisidanganye, na haikupita muda Tume ya Uchaguzi ikasema chama hakijasaini kanuni za maadili kwa hiyo hakimo kwenye uchaguzi. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameshakamatwa kule Mbinga na kupewa kesi ya uhaini. Mei wakaanza kuhamia chama kingine, CHAUMMA, Salum Mwalimu, Kigaila na wengine wengi. Mzee aliyeniingiza mimi kwenye chama naye akaenda. Akanipigia simu akaniambia mwanangu njoo, huku tutashiriki. Nikamwambia baba, nakuheshimu, ila mimi siwezi kuwaacha watu wa kata yangu katikati wakati mwenyekiti wao yuko ndani. Tangu hapo salamu zetu zimepungua na hiyo nayo inauma kuliko kuitwa chawa.

Na nyie mlioshinda msijifiche nyuma ya andiko langu. Mkali akishinda anadhani kazi imeisha, anataka sasa kila mtu aimbe wimbo wake, asiyeimba msaliti. Hapana jamani! Ukishika usukani ni wewe sasa unatakiwa uende kwa yule mtia nia wa udiwani aliyeuza ng'ombe wake kujiandaa, ukae naye umweleze kwa nini hagombei, sio umrushie meme. Fundi alienda kwa mmoja wa hapa kwetu, nilimsindikiza, tukakaa mpaka kiza kinaingia. Yule bwana hakukubali, alitupa maneno yake yote, ila hakuhama. Wangapi wamehama kwa sababu ya sera kweli, na wangapi kwa sababu hakuna aliyewatembelea? Mimi najua jibu la kata yangu.

Wakenya nao wanajua haya. Machi 2025 Raila, kiongozi wa chama cha upinzani ODM, alisaini makubaliano na Rais Ruto pale KICC Nairobi, katibu mkuu wake mwenyewe Sifuna akawa anayapinga hadharani kila leo kwenye televisheni, na mpaka Raila anafariki Oktoba ile walikuwa bado chama kimoja. Sisemi ODM ni malaika, wana yao mengi, nasema tu mkubwa alivumilia kupingwa na mdogo wake mbele za watu na mbingu hazikuanguka. Huku kwetu mtu akipingwa kwenye grupu la kata anataka kikao cha nidhamu.

Narudia tena kwa sababu najua mmeruka mistari: toeni mkono. Msiseme mtu kahongwa kama huna nani, wapi na lini. Tofautisheni ugomvi wa njia na ugomvi wa nia, wa njia haumalizwi kwa kumfukuza mtu. Na acheni voisi za usiku.

Mdogo wangu wa Mbeya, wewe usitoke. Zima tu mlio wa grupu ulale. Kesho kutwa nunua kilo ya sukari uende nyumbani kwa mwenyekiti wako wa kata, yule mkali unayemwogopa, na usiende kumweleza msimamo wako, anaujua. Mwambie unataka kazi ya daftari la wanachama, nani yupo, nani kahama mtaa, nani kafariki, nani kadi yake imepotea. Hiyo kazi hakuna mkali anayeitaka, haina kipaza sauti. Ukiwa nalo wewe, siku ya uchaguzi wa ndani ukija kila mtu atakuja kwako kuuliza nani ana sifa ya kupiga kura, wakali na wapole wote, na watakuja kwa adabu. Mimi la kata yetu ninalo, lipo chini ya kaunta ya duka.

Yule kijana wa chawa? Hajaniomba radhi mpaka leo. Kaoa, anakuja kununua vitenge vya mke wake kwangu, ananiita mama, namhudumia vizuri tu. Ila bei simpunguzii.