Sevo au kapasita? Spika yangu ilishalipa ada ya somo hili

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kama uzing'oe kapasita zote (zile zinazozuia DC, yaani umeme wa moja kwa moja, na kupitisha sauti) kwenye ampu uweke sevo, sakiti ndogo ya kufuta DC hiyo, maana umeambiwa kapasita zinachafua sauti. Mimi niliwahi kufanya hivyo hapa Chake Chake.

Ujue kwanza, sevo nayo ina kapasita tumboni. Ni opampu, chipu ndogo ya kukuza umeme (mimi hutumia TL071), rezista ya megaohmu 1 na kapasita ya maikrofaradi 1. Inachungulia DC kwenye waya wa spika, inaisukuma polepole mpaka ikaribie sifuri. Besi inakatwa vilevile, ila chini ya hezi 1, na huko sikio halifiki. Kapasita ya kutolea, ile iliyo kati ya ampu na spika, ndiyo inayouma: maikrofaradi 1000 kwa spika ya ohmu 8 inaanza kukata kwenye hezi 20. Lakini kuiondoa hiyo kunataka pawa ya pande mbili (chanya na hasi), sevo peke yake haikuvushi.

Ampu yangu ilikuwa ya chipu ya LM3886, pawa ya pande mbili, ya kukodisha kwenye maharusi. Nikaweka sevo, na kwa ujuaji nikang'oa hata kapasita ya kuingilia. Nikapima kwenye spika: milivolti 3. Nilijiona fundi kwelikweli! Volyumu ilikuwa ikikwaruza kila ukiizungusha, nikasema ni chumvi ya bahari tu, si unaijua hewa yetu.

Kumbe kile kichezeo cha fleshi kilikuwa kinatoa volti 1.6 za DC. Nyumbani, volyumu ikiwa chini, zilipita kama 0.3, ampu inakuza mara 20, basi sevo ikawa inabeba volti 6 kimyakimya. Usiku wa harusi volyumu ikapandishwa. Opampu ya sevo, yenye pawa ya volti 12, itasukuma mpaka wapi? Koni ilitoka nje ikakaa hukohuko, harufu ikafika kwa kina mama kabla sijafika mimi kwenye swichi.

Siku hizi sevo naiacha, ila mlangoni, sauti inapoingilia, naweka kapasita ya plastiki ya maikrofaradi 2.2 mbele ya rezista ya kilohmu 47, inakata kwenye hezi 1.5 na haikauki kwa joto. Na rilei, swichi ya umeme ya kukata spika DC ikitokea, lazima. Nikipima, siishii kwenye spika: naweka mita kwenye mguu wa 6 wa TL071, unaotoa umeme wa sevo. Mzigo wa sevo unaonekana pale.

Yako ni ya pawa ya upande mmoja au pande mbili? Nijibu kabla hujachomoa kitu.