Na aliyeugua naye apewe nini?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama ni sawa mzazi kumpa mtoto zawadi anapofanya vizuri shuleni. Jibu langu ni hapana, na nimelishikilia tangu mwaka juzi, kaka yangu alipomwahidi mwanangu wa pili baiskeli akishika namba moja. Akaishika. Baiskeli ilipoletwa, dada yake aliizunguka, akaigusa kengele, kisha akaniuliza: "Mama, na mimi nisipolazwa muhula mzima, nitapewa nini?"

Binti yangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mimi na baba yake sote ni AS, yaani tumebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo bila kuugua, na hatukujua mpaka alipofikisha miezi minane, vidole vya mikono na miguu vikamvimba, akawa analia usiku kucha. Kila mimba yetu ilikuwa na uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuupata. Mdogo wake alipopimwa akakutwa AS kama sisi. Huyo akikosa shule ujue ni sikukuu. Dada yake, darasa la sita, alikosa siku 23 katika muhula mmoja. Utampangaje huyu namba na wenzake?

Niwaeleze usiku mmoja tu. Ulikuwa usiku wa kuamkia mtihani wa darasa la saba, Septemba iliyopita, hapa Mwanza. Jioni alikuwa mzima. Alikula ugali na sato, akameza foliki na haidroksiyurea, dawa zake za sikoseli, akachonga penseli tatu. Saa saba usiku nikasikia ananiita. Goti la kushoto, likapanda hadi paja. Nikampima joto: 37.1. Kliniki walishatufundisha kwamba likifika 38 usingoje kukuche, mbebe mtoto uende. Halikufika. Nikampa dawa ya maumivu aliyoandikiwa, nikachemsha maji, nikaloweka kipande cha kanga na kumkanda polepole. Maji ya kunywa nikawa nampa kikombe baada ya kikombe, maana mwili ukipungukiwa maji seli nyekundu za damu yake hujikunja zaidi na kuziba mishipa.

Kila mara aliniuliza, "Mama, saa ngapi?" Simu ilikuwa kwenye chaji sebuleni, nikawa naenda kuangalia na kurudi. Saa nane na nusu. Saa tisa na dakika kumi. Mara ya nne nilisimama mlangoni nikataka kumwambia mtihani basi, tulale, afya kwanza. Nikaona ameshika ncha ya mto kwa meno ili asimwamshe mdogo wake. Sikusema kitu. Hadi leo sijui kama nilifanya vyema kunyamaza.

Saa kumi na moja maumivu yakapungua. Nikamwogesha kwa maji ya moto kama mtoto mchanga, binti wa miaka 13, nikamvika sweta mbili kwa sababu ya upepo wa ziwani asubuhi, nikamfungia chupa mbili za maji. Bodaboda nikaibembeleza iende taratibu. Mwalimu mkuu alimwekea dawati karibu na mlango ili atoke kujisaidia bila kuomba mara mbili. Mungu ambariki. Darasa la nne kuna mwalimu alimkatalia ruhusa ya chooni, akajikojolea mbele ya wenzake. Baada ya hapo akawa hanywi maji shuleni, na mwaka ule tukalazwa mara tatu.

Akafanya siku zote mbili. Siku ya tatu nikashuka Makoroboi nikamnunulia saa ya mkononi, ndogo, mkanda wa bluu, ili usiku mwingine wa namna ile asihitaji kuniuliza.

Nimefika hapa nikasita, maana hiyo nayo ni zawadi ya mtihani. Naweza kujitetea kwamba sikungoja matokeo (yalipotoka alikuwa na wastani wa B), na kwamba nilizawadia usiku ule, si alama. Lakini kama asubuhi ile angeshindwa kuinuka kitandani, ningeshuka kweli Makoroboi? Nadhani ningeshuka. Siwezi kuapa.

Basi nalegeza jibu langu. Toeni zawadi, mradi mwenye kuugua ndani ya nyumba hiyohiyo naye awe na kitu anachoweza kukifikia: kunywa maji yake, kumeza dawa bila kusukumwa, kuhudhuria kliniki bila kulia. Kwa nyumba ambayo watoto wote ni wazima sina la kuwashauri, sijawahi kuishi humo. Na kaka yangu, ambaye tangu mwaka juzi namkatalia kuahidi kitu kingine, nitampigia leo. Mdogo mtu ameshika tena namba moja, na tairi la nyuma la ile baiskeli limekwisha.

Mama wa wawili, Mwanza