Kamera tupu haitoshi

Umeuliza kama kufunga kamera au vihisi wodini kutawafanya madaktari na wauguzi wanawe mikono. Kamera tupu, hapana. North Shore University Hospital, New York, walizifunga kwenye wodi ya wagonjwa mahututi, zikielekezwa kwenye masinki na vitakasa mikono, si vitandani. Wiki 16 za kwanza wahudumu hawakuonyeshwa matokeo, na unawaji haukufika hata 10% ya mara zilizotakiwa. Alama zilipoanza kuonekana kwenye ubao wa kielektroniki ukutani, zikapanda hadi zaidi ya 80%, na zikabaki juu kwa zaidi ya mwaka (utafiti ulichapishwa 2012). Kwa hiyo kinachofanya kazi ni kurudishiwa matokeo palepale, zamu ikiendelea.

Ila kihisi cha mlangoni kinahesabu kuingia na kutoka tu. Katika zile nyakati tano za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani (WHO), hakijui kama mtu alinawa kabla ya kuweka kanula (mrija mdogo unaoingizwa kwenye mshipa). Hapo bado unahitaji mtu wa kuangalia kwa macho. Na kama bomba lenu halitoi maji, msianze na kamera!