Darasa Zima Likiitikia "Ndiyo", Nani Ameelewa?

SAFU YA MWALIMU ANAJIBU

Mwezi huu nimechagua barua nne, kutoka Mufindi, Rungwe, Makambako na Mbeya mjini. Ya Mufindi nimeijibu kwa urefu kwa sababu walimu wengi wapya huniuliza jambo hilo hilo, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote katika kazi yetu.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa ajira mpya, nimepangiwa shule moja ya msingi hapa Mufindi. Nina darasa la tatu lenye wanafunzi 94. Andalio la somo ninaandika kila siku, zana ninatengeneza. Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia wote "ndiyo mwalimu!" Nikitoa zoezi la hesabu, zaidi ya nusu wanakosa. Mwenzangu aliyenitangulia ananiambia watoto wa huku ni wazito, nisijichoshe. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuliacha kabisa hilo swali la "mmeelewa?" Watoto wetu wamelelewa kuitika mkubwa akiuliza. Ni adabu njema na wala usiwalaumu. Lakini itikio hilo ni la heshima, halikuambii lolote kuhusu hesabu. Aliyeelewa ataitika, asiyeelewa ataitika, na yule anayetazama malori ya magogo yakipita barabarani ataitika kwa sauti kuliko wote.

Mimi naamini kwamba mwalimu hajafundisha mpaka ajue watoto wake wanafikiri nini. Idadi ya waliopata haitoshi. Nataka kujua aliyekosa alikuwa anawaza nini alipoandika alichoandika, na hilo utalisoma kwenye kosa lenyewe.

Chukua 52 toa 27. Umetoa swali hilo, umekusanya daftari. Jibu ni 25, lakini utakuta wengi wameandika 35. Usiweke alama ya kosa ukapita. Hiyo 35 haikuokotwa. Mtoto ameangalia mamoja, akaona 2 juu na 7 chini, akaona 7 haitoki kwenye 2, basi akageuza: 7 toa 2, ni 5. Akaenda kwenye makumi: 5 toa 2, ni 3. Ana kanuni kichwani, kwamba siku zote unatoa namba ndogo kwenye kubwa, na kanuni hiyo ilimpatia vema nyingi alipokuwa anafanya hesabu zisizohitaji kukopa. Mwingine ameandika 30. Huyu amesema 2 toa 7 haiwezekani, akaweka sifuri, akaendelea. Wa tatu ameandika 79, yeye amejumlisha, hakutazama alama. Wote watatu wamekosa, lakini wa 79 anahitaji kuoneshwa alama tu, na wale wawili hawajajua kwamba kumi moja inaweza kufunguliwa ikawa mamoja kumi. Ukirudia somo lile lile kwa sauti kubwa zaidi, hakuna hata mmoja kati yao utakayemsaidia.

Mufindi hamkosi mianzi. Pasua vijiti, vifunge kumi kumi kwa kamba, uviite watoto wavihesabu wenyewe ili waamini kwamba kila fungu lina kumi kweli. Mpe mtoto mmoja mafungu matano na vijiti viwili, wenzake wamzunguke. Mwambie: "Nipe vijiti saba." Ana viwili mkononi. Hapo unyamaze. Usimwambie afungue fungu, wala usimwoneshe kwa macho. Atakutazama wewe, atawatazama wenzake, atavigeuza vile viwili, kisha mmoja wao atanyoosha mkono kwenye kamba. Ikishafunguliwa, hesabuni wote: mafungu manne, vijiti kumi na viwili. Anakupa saba, vinabaki vitano. Baada ya hapo ndipo uende ubaoni ukate ile 5, uandike 4 juu yake, na 12 mahali pa 2, ukiwauliza kila hatua: "Hiki tulichoandika ni kipi kati ya mlivyofanya?" Mikono itangulie, maneno yafuate, tarakimu zije mwisho. Tumezoea kuanza na "kopa moja kwa jirani", na mtoto anakariri jirani bila kujua amekopa nini.

Kuhusu kunyamaza nataka nikae kidogo, maana walimu tunaogopa ukimya darasani. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alisikiliza kanda za vipindi vingi vya sayansi katika miaka ya 1960 na 1970. Alikuta mwalimu akishauliza swali anangoja kama sekunde moja tu, halafu anataja mtoto mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu na zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, waliokuwa kimya wakaanza kusema, na watoto wakauliza maswali yao wenyewe. Lililonigusa zaidi ni hili: watoto ambao walimu waliwahesabu kuwa dhaifu ndio waliongojewa kwa muda mfupi zaidi. Sasa rudi kwa mwenzako anayesema watoto wa huku ni wazito. Mheshimu, ni mkubwa wako kazini, lakini neno hilo usilibebe kuingia nalo darasani. Ukilibeba utawangojea sekunde moja, watanyamaza, nawe utasema kweli ni wazito.

Najua utasema: wanafunzi 94, Mwalimu, nitawasoma wote lini? Usisahihishe maswali kumi ya kila mtoto. Mwisho wa kipindi toa swali moja ulilolichagua vizuri, walijibu kwenye kipande cha karatasi chenye jina. Ofisini usishike kalamu nyekundu. Panga karatasi kwa majibu: za 25 hapa, za 35 pale, za 30, za 79, na mengineyo. Kazi hiyo inakwisha kabla chai haijapoa, na kesho yake unajua nani anakaa na nani, nani umwite kwenye vijiti, na nani umpe 304 toa 178 ajitese nayo kidogo huku wewe ukiwa na wengine.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi nafundisha Rungwe. Mvua za huku unazijua. Ikianza kupiga bati, hata mtoto wa dawati la mbele hanisikii. Kuanzia Machi mpaka Mei naona kama napoteza muhula mzima. Wenzangu huwaachia watoto walale tu mpaka ikatike. Kuna njia?

Ndugu yangu, nimefundisha Tukuyu chini ya bati lisilo na dari, kwa hiyo najua unachokisema. Mji ule hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Huwezi kungoja ikatike.

Sauti ikishindwa, tumia macho. Nenda kwa fundi seremala umwombe mabaki ya mbao nyembamba, yakatwe ukubwa wa daftari, yapakwe rangi nyeusi ya ubaoni. Kila mtoto au kila wawili wawe na kibao, kipande cha chaki na kitambaa. Andika swali ubaoni kwa herufi kubwa. Wanaandika jibu, unainua mkono, nao wanainua vibao wote kwa pamoja wakikuelekezea. Kwa kutupa macho mara moja umeona darasa zima. Watatu wameandika "kura" badala ya "kula", mmoja hajaandika kitu, binti wa pembeni ambaye hajawahi kunyoosha kidole ameandika sentensi nzima bila kosa. Huyo sikumjua mpaka mvua iliponyesha.

Sharti moja tu: vibao viinuliwe pamoja, kwa ishara yako. Ukiacha kila mtu ainue akimaliza, wa nyuma watanakili ya mbele. Na mvua ikikatika, vibao usivifungie kabatini. Mimi nilivitumia mpaka Agosti, kwenye jua na baridi.

Kusoma nako kunawezekana. Waketi wawili wawili, vichwa vikaribiane, mmoja asome sikioni kwa mwenzake huku anayesikiliza akifuata kwa kidole, kisha wabadilishane. Imla ndiyo uiache kwa siku kavu.

Kamwene Mwalimu. Mimi ni mzazi, nafanya biashara ya viazi hapa Makambako. Kijana wangu yuko darasa la tano. Mwaka jana alikuwa na mwalimu mkali, daftari zilijaa. Mwaka huu mwalimu ni kijana, darasa lina kelele, watoto wanakaa kwa makundi, daftari ina kurasa chache, na nasikia hachapi mtu akikosa hesabu. Je, mtoto wangu anafundishwa kweli?

Kamwene, baba. Swali lako ni la haki na nakuomba uendelee kuuliza, maana mzazi anayefungua daftari la mtoto ni nusu ya shule.

Daftari iliyojaa inaonesha kwamba mtoto amenakili ubao. Inaweza kuwa ameelewa, inaweza kuwa mkono wake tu ndio uliofanya kazi. Tangu Januari 2024 tumeanza mtaala mpya, unaoingia darasa kwa darasa, na unasisitiza umahiri, yaani mtoto aoneshe anachoweza kufanya kwa alichojifunza. Jambo lenyewe si geni kwetu. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi. Akili ya namna hiyo haikai kimya muda wote, kwa hiyo kelele zisikutishe kabla hujajua ni za nini. Omba ruhusa kwa mwalimu mkuu, ukae nyuma kipindi kimoja usikilize. Kama wanabishana kwa nini theluthi moja ni kubwa kuliko robo, mshukuru yule kijana. Kama wanabishana kuhusu mpira, mwambie kwa upole, na mwalimu mkuu naye ajue.

Nyumbani, jioni mwambie mtoto: "Nifundishe ulichojifunza leo." Mpe gunia la viazi kama mfano. Ikiwa umeuza robo tatu ya gunia la kilo 100, zimebaki kilo ngapi, na amejuaje? Hilo la "amejuaje" ndilo la kusikiliza. Asipoweza kueleza wiki nzima, au ukikuta daftari haijapitiwa na mwalimu kwa mwezi, una sababu ya kwenda shuleni.

Kuhusu fimbo. Kanuni za serikali zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, ruhusa ya kuchapa kwa makosa makubwa ya nidhamu, viboko visizidi vinne, na viandikwe kwenye kitabu. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Nami nasema kwa moyo wangu wote: mtoto anayechapwa kwa kukosa hujifunza kuficha kosa. Atanakili kwa jirani, atapata vema, na mwalimu hatajua kamwe kwamba hajui. Huyo kijana asiyechapa anafanya vyema. Muunge mkono.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Biolojia kidato cha kwanza, Mbeya mjini. Watoto wanatoka shule za msingi walikosoma kwa Kiswahili, sasa kila kitu ni Kiingereza. Nikiuliza swali wanainama. Walimu wengine wanawavalisha kibao shingoni wakisema Kiswahili. Mimi moyo unakataa, lakini mitihani ni ya Kiingereza. Nishike lipi?

Marahaba, binti yangu. Moyo wako uko sawa, kibao cha shingoni ukikatae. Kuinama kwao hakumaanishi hawajui biolojia. Wengi wanajua usanisinuru, yaani jinsi mmea unavyojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, tangu darasani kwao kule msingi, wamekosa tu maneno ya Kiingereza ya kuueleza.

Watenganishie kazi mbili: kufikiri kwanza, kisha kusema kwa Kiingereza. Kata kiazi mviringo mbele yao, dondoshea aiodini. Wataona rangi ya kahawia ikigeuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Wape dakika mbili wawili wawili wajadiliane kwa Kiswahili: nini kimetokea, na kwa nini hakikutokea kwenye kipande cha tango? Pita katikati ya madawati ukisikiliza tu. Hapo utajua nani anajua wanga ni nini na nani anadhani ni rangi ya ganda. Kisha andika ubaoni maneno manne ya Kiingereza, la kiazi, la wanga, la rangi na la kugeuka, pamoja na mwanzo wa sentensi moja. Kila jozi ikamilishe sentensi yake na kuiandika, ndipo wasome kwa sauti. Aliyekwisha kuandika haogopi kusoma.

Sarufi ikikosewa usimkatize. Sikiliza kwanza kama biolojia yake ni sahihi. Ikiwa sahihi, mwambie hivyo mbele ya wenzake, kisha irudie sentensi yake kwa Kiingereza kilichonyooka, naye airudie. Kila wiki ongeza maneno na upunguze mwanzo wa sentensi unaowapa, ili kufikia mtihani wa kidato cha pili wawe wanaziunda wenyewe. Jaribu na mkondo mmoja kwanza, uniandikie ulichosikia ulipopita kwenye madawati.